Upepo Nao Hutoza Nauli

Mtoto mmoja amemwandikia dereva barua. Ameiandika kwa kidole kwenye kioo cha nyuma cha gari la abiria lililoegeshwa karibu na uwanja wa mpira wa Gombani, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba. Barua yenyewe ni neno moja: NIOSHE. Herufi zimekaa vizuri, kwa sababu vumbi ni jingi, jekundu, laini kama poda.

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Gari lilikuwa halijajaa, na mimi sikuwa na haraka, basi nikalizunguka. Kioo cha mbele kilikuwa kisafi. Ubavuni vumbi lilikuwa la kawaida tu, la kukuchafua ncha za vidole. Nyuma ndiko kulikoharibika: kioo, namba za gari, taa, vyote vimevaa kanzu moja nyekundu. Hapo nikajiuliza. Njia ni moja, tairi ni zile zile, na gari linakwenda mbele, halirudi kinyumenyume. Vipi vumbi ligande pale ambapo gari limekwisha kupita?

"Vumbi linalifuata gari, bwana," alisema dereva, mtu wa makamo aliyekuwa akifunga kamba za mizigo juu ya keria. "Ukenda mbio, nalo linakwenda mbio."

Alisema kweli, na pengine zaidi ya alivyokusudia. Kinacholivuta vumbi lile hadi kwenye kioo ndicho hicho hicho kinacholivuta gari lake nyuma kutwa nzima, na malipo yake yanatoka ndani ya tangi. Kila mwezi ZURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta Zanzibar, inapotangaza bei mpya, sote tunakwenda kusoma bei ya lita. Ni wachache wanaouliza lita yenyewe imekwenda wapi.

Mfuko wa saruji kila sekunde

Tumezoea kuiona hewa kama si kitu. Lakini hewa ina uzito: mita moja ya ujazo kwa hapa kwetu ina kiasi cha kilo 1.2. Gari la abiria lenye uso wa mita 3 za mraba, likenda kilomita 60 kwa saa, hukutana na mita za ujazo 50 za hewa kila sekunde. Hizo ni kilo 60, yaani zaidi ya mfuko wa saruji, zinazotakiwa kusogezwa kando kila sekunde ili gari lipite. Anayezisogeza ni injini, na injini haifanyi kazi bure.

Ukinzani huu wa hewa una tabia moja ambayo dereva akiijua, ameshajua nusu ya habari yote: haupandi sambamba na mwendo. Ukizidisha mwendo mara mbili, ukinzani huzidi mara nne. Ukizidisha mara tatu, huzidi mara tisa. Mwenye mwendo wa pole huguswa kidogo tu. Mwenye haraka hukamuliwa.

Na upepo wa msimu nao huingia kwenye hesabu. Kusi ikivuma uso kwa uso na gari kwa kilomita 20 kwa saa, gari linalokwenda 50 huwa, kwa hewa, linakwenda 70. Ukinzani wake unakuwa karibu mara mbili ya siku ya shwari. Mshale wa dashibodi hauonyeshi hilo. Nahodha hangehitaji mshale. Upepo wa omo angeujua kwa shavu lake.

Kisu si mbele, ni nyuma

Ukimwambia mtu achore gari la kukata upepo, atachonga mbele kama ncha ya mkuki na nyuma atapakata kama mkate. Wengi wetu tungefanya hivyo. Lakini wauzaji wa samaki wa Chake Chake kila asubuhi hutandika mezani jibu tofauti. Mtazame nguru au jodari: unene wake mkubwa uko upande wa kichwani, kisha mwili unapungua taratibu, taratibu, mpaka kwenye mkia mwembamba. Anayapasua maji kwa upole, na kazi kubwa zaidi anaifanya nyuma, kuyarudisha maji mahali pake bila kuyavuruga.

Hewa nayo inataka kufungwa hivyo. Gari lililokatwa nyuma wima kama kabati linaifikisha hewa ukingoni, kisha linaitupa. Hewa haiwezi kupinda kona ya ghafla namna ile. Inaachana na bodi na kuanza kujizungusha. Nyuma ya gari panabaki pengo lenye mgandamizo mdogo, na pengo hilo linalinyonya gari kurudi lilikotoka. Vumbi lililofumuliwa na tairi huingia kwenye kizunguzungu hicho, likazungushwa na kubandikwa kwenye kioo. NIOSHE ya yule mtoto imeandikwa ndani ya pengo lenyewe.

Ndiyo maana gari kama Probox, lenye mgongo uliosimama, limewekewa waipa nyuma, na magari mengi yenye buti lililochomoza hayana. Wajapani hawakuiweka waipa ile kwa pambo. Walijua uchafu utakwenda wapi.

Wahandisi wanaupima ubora wa umbo kwa namba moja, wanayoiita kizigeu cha ukinzani. Sisi tuiite namba ya umbo. Bao bapa likiukabili upepo wima, namba yake hupita 1. Umbo la tone, la samaki, hushuka chini ya 0.1. Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa kobe, pamoja na mviringo wake wote ilikuwa karibu 0.48. Toyota Prius iliyotoka mwaka 2003 ilifika 0.26. Mercedes-Benz EQS, gari la umeme la mwaka 2021, limeshuka hadi 0.20.

Wala elimu hii si ya juzi. Mwaka 1921 Edmund Rumpler alipeleka kwenye maonyesho ya Berlin gari lenye umbo la tone. Wanunuzi waliliona kituko, likawa hasara. Mwaka 1979 Volkswagen walichukua moja kati ya yaliyosalia, wakaliingiza kwenye chumba chao cha kupimia upepo, likatoa 0.28, namba ambayo magari mengi mapya ya miaka ile hayakuifikia. Huko Marekani nako, Chrysler walitoa Airflow mwaka 1934, gari lililochongwa kwa ajili ya upepo, na soko likalikataa. Ilibidi mafuta yapande bei kwa kishindo mwaka 1973 ndipo watengenezaji wa magari walipolirudia somo hilo kwa bidii.

Hapa kisiwani somo lilikuwa limekwisha somwa, ila lilisomewa majini. Fundi wa jahazi anajua kwamba tezi, yaani nyuma ya chombo, ikichongwa vibaya chombo kitaburuta maji, hata kikiwa na tanga la namna gani. Na wenye vyombo walikuwa na desturi ya kuvipandisha pwani maji yakipwa, wakakwangua majani na uchafu wa bahari ulioganda chini, kisha wakapaka deheni. Walikuwa hawaongezi kitu cha kukipa chombo mbio. Walikuwa wanaondoa kinachokizuia.

Daladala mizanini

Sasa turudi Gombani tulipime gari letu. Tuseme pamoja na abiria wake lina tani mbili na nusu, uso wa mita 3 za mraba, na namba ya umbo 0.4. Tuseme pia liko juu ya lami nzuri na tairi zake zimejaa.

Kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hewa inalivuta nyuma kwa nguvu ya kiasi cha kilo 14. Kwenye 80, nguvu hiyo inakuwa kilo 36. Kwenye 100 inafika kilo 57. Wakati huo huo kuna mzuizi mwingine asiyejali mwendo: tairi. Tairi zikibinyika na kurudi, zikibinyika na kurudi, zinalivuta gari hilo kwa nguvu ya kilo 30 hivi, likienda pole au mbio.

Linganisha basi. Kwenye 50, tairi zinakula zaidi ya mara mbili ya upepo. Vinafika sawa kwenye mwendo wa kilomita 70 na kidogo kwa saa. Kupita hapo, upepo ndiye bwana.

Na anayesafiri kutoka Chake Chake kwenda Mkoani au Konde anajua gari la abiria linapata nafasi ngapi za kupita 70. Njia zetu zina vilima na makona, zina watoto wa skuli, ng'ombe, baiskeli na karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi pembezoni. Juu ya hayo kuna kugonga. Abiria anagonga bodi, ngo ngo ngo, gari linasimama. Hatua mia mbele mwingine naye anagonga.

Kugonga huko kuna gharama yake. Gari letu la tani mbili na nusu likikamatwa breki kutoka mwendo wa 50 hadi kusimama, nishati linayoitupa kwenye breki ni sawa na ile ambayo upepo ungeidai kwa safari ya kilomita 1.7. Kwa hiyo gari linalosimama kila kilomita moja linalisha breki kuliko linavyolisha upepo. Dereva wa gari la aina hiyo akibandika mapambo ya kukata upepo nyuma ya bodi anajisumbua. Angepata faida zaidi kwa kuachia eksileta mapema anapokiona kituo kwa mbali, na kwa kuwaomba abiria wa nyumba jirani washuke pamoja.

Hilo linatakiwa lisemwe wazi, kwa sababu mitaani zinauzwa spoila za kila namna kwa jina la kupunguza mafuta. Spoila iliyopimwa kwenye chumba cha upepo, ikawekwa na kiwanda pale hasa hewa inapoachana na bodi, hufanya kazi. Bawa la kununua dukani na kulifunga kwa skrubu kwenye buti ni kitu kingine cha hewa kukigonga. Linapendeza kwenye harusi.

Mzigo wa juu

Hata hivyo, upande mmoja upepo unatupata hata kwa mwendo wetu huu, nao ni paa.

Nilimtazama yule dereva akimaliza kufunga. Juu ya keria palikuwa na ndizi mikungu kadhaa, gunia mbili za mihogo, tenga moja na godoro lililokunjwa, na turubai lililofungwa pembe tatu, ya nne imeachwa ikipepea. Mzigo wote ulikuwa na upana wa mita 1.4 hivi na kimo cha nusu mita. Kinachoumiza ni umbo lake zaidi ya uzito wake: kuta wima, matundu, kamba, pembe za kila upande. Kwa makadirio, mzigo kama huo unaongeza ukinzani wa gari lile kwa nusu nzima. Zile kilo 14 za kwenye mwendo wa 50 zinakuwa 21. Zile 36 za kwenye 80 zinakuwa 54.

Wizara ya Nishati ya Marekani inawaambia madereva wa huko kwamba sanduku kubwa juu ya paa, ambalo angalau ni laini na limefungwa, huongeza matumizi ya mafuta kiasi kwamba umbali wa lita moja unapungua kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, na asilimia 10 hadi 25 kwenye njia kuu kwa mwendo wa kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Godoro na tenga la kuku haviwezi kuwa na huruma kuliko sanduku.

Mzigo wa abiria haukataliki. Ndiyo riziki yenyewe. Lakini unaweza kupangwa. Kizito na kipana kilale chini, kifupi kikae mbele na kirefu nyuma, turubai livutwe mpaka likaze pembe zote nne. Na siku ambayo hakuna mzigo, keria yenyewe inabaki pale juu ikipiga mluzi. Ukiusikia mluzi ule, jua hewa inapasuliwa na vyuma, na anayelipia ni wewe.

Kipo kitu kingine kinachotuponyoka, nacho kiko chini. Magari mengi ya Japani huja na bamba la plastiki chini ya injini. Fundi akimwaga oili hulifungua, skrubu mbili zinapotea, na bamba linaishia nyuma ya gereji. Watu wengi wanadhani kazi yake ni kuzuia matope tu. Linazuia matope, kweli, lakini pia linailainishia hewa njia chini ya gari, mahali palipojaa mabomba na vyuma. Siku nyingine ukenda gereji, uliza bamba lako.

Mteremko una hila

Yapo mambo matatu yaliyo mikononi mwa dereva mwenyewe, na la kwanza ni mteremko. Wapo madereva wanaoliweka gari nyutro kila wakifika mteremkoni, wakiamini injini inapumzika na mafuta yanabaki. Kwa gari la kabureta jambo hilo lilikuwa na maana kidogo. Kwa gari la EFI, yaani lenye kompyuta inayopima mafuta, ambalo ndilo karibu kila gari tulilonalo leo, ni kinyume. Ukiwa ndani ya gia na umeachia eksileta, kompyuta inakata mafuta kabisa, na tairi ndizo zinazoizungusha injini. Ukitia nyutro, injini inalazimika kunywa ili isizimike. Juu ya hayo unaukosa msaada wa injini katika kupunguza mwendo, na breki zinabaki peke yao na kilima. Akiba haipatikani, hatari imeongezeka.

La pili ni upepo wa tairi. Wataalamu wa Marekani wanakadiria kila upungufu wa psi moja katika tairi zote nne huongeza matumizi kwa asilimia 0.2 hivi. Tairi zilizopungua psi 10, jambo la kawaida kwa gari lisilopimwa miezi, zimekula asilimia 2, tena bila kelele. Kwa mwendo wetu, ambao tairi hutawala, pampu ya fundi wa pancha ina faida kuliko spoila yoyote.

La tatu ni mguu wenyewe. Februari 2004 Kenya ilianza kuzitia nguvu zile kanuni ambazo wananchi waliziita sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Matatu na mabasi yalitakiwa kufungwa vidhibiti mwendo, mwisho kilomita 80 kwa saa. Kusudio lilikuwa roho za watu. Lakini gari lililozoea 110 likiteremshwa hadi 80, ukinzani wa hewa unapungua karibu nusu. Sheria ya kuokoa roho ikaokoa na mafuta.

Barabara zikinyooka

Kuna atakayesema: basi kwa sisi wa Pemba habari ya upepo ni ya kusoma tu, tuendelee kujaza tairi. Ningekubaliana naye kama barabara zetu zingebaki zilivyokuwa. Lakini barabara hazibaki hivyo: njia kuu zikijengwa upya, huja kwa upana zaidi na makona machache. Kila kona inaponyooshwa, mguu wa dereva unashuka kidogo. Gari lililokuwa likienda 50 litakwenda 70, kisha 80, na hapo ndipo tairi inapompisha upepo.

Mtu atashangaa: lami mpya, njia fupi, mashimo hakuna, na mafuta yanakwisha vile vile, pengine zaidi. Atailaumu sheli, atamlaumu fundi. Sababu itakuwa juu ya paa na chini ya mguu wake. Mabaharia walikuwa na msemo: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uzunguke uzungukavyo, hesabu inarudi mahali pamoja, na kwa gari mahali hapo ni tangi.

Wiki mbili baadaye nilipanda tena gari lile lile. Paa lilikuwa tupu. Nilimuuliza dereva keria imekwenda wapi. Alicheka.

"Iko uani. Msimu huu mizigo michache, nimeifungua. Kuku wamehamia juu yake."

"Na mafuta?"

Hakunipa namba, naye si mtu wa kutia chumvi. Alisema tu kwamba ule mluzi haupo tena, na kwamba zamani akifika nyumbani kichwa kilikuwa kikimuuma, akidhani ni jua.

Nilishuka Gombani, nikapita nyuma ya gari kwa makusudi. Lilikuwa limeoshwa alfajiri, alisema, na ilikuwa bado saa tano asubuhi. Kioo cha nyuma kilikuwa kimekwisha anza kuwa chekundu. Mgongo wa kabati ni ule ule alioununua, na sehemu yake upepo utaichukua kila siku. Alichokifungua kwa spana ni kile tu alichokuwa akiuongezea yeye mwenyewe.